Feza ya Garanti Ni ya Nani?

Mtu akitafuta nyumba ya kupanga kule Lubumbashi au Bukavu, neno la kwanza analosikia ni «garanti». Anatoa feza nyingi kwa mara moja, mbele ya kulala mle hata usiku mmoja. Tujiulize basi: feza hiyo ni ya nani?

Mwenye nyumba anajibu: «Ni yangu, iko mkononi mwangu.» Anaitumia kununua simenti. Mpangaji naye anawaza: «Hatanirudishia. Afazali niile.» Miezi ya mwisho anakaa bila kulipa, kisha anahama, akiacha mlango umevunjika.

Tuseme wazi: wote wawili wamekosa. Garanti si zawadi, wala si kodi. Ni amana. Jirani anayesafiri akikuachia mbuzi wake, je, mbuzi ni wako kwa kuwa amefungwa uani kwako? Garanti inangoja siku ya mwisho. Nyumba ikiwa imeharibiwa, mwenyewe analipwa humo. Ikiwa nzima na kodi imelipwa, feza inarudi.

Lakini mtu atatuuliza: «Nikijua kwamba feza yangu imekwisha kutumiwa, niipoteze?» Swali hili si la upuuzi. Mtu ana haki ya kupata mali yake. Lakini aseme mapema, wakague nyumba pamoja, wakubaliane kwa maandishi kwamba miezi ya mwisho italipwa na garanti. Kupatana ni jambo moja, kuvizia ni jambo lingine.

Na mwenye nyumba akumbuke: katika Kongo, sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 hairuhusu garanti ya nyumba ya kukaa ipite kodi ya miezi mitatu. Wengi wanadai zaidi, wakisema: «Mpangaji mwenyewe alikubali.» Alikubali, ndiyo, kwa sababu watoto wake hawawezi kulala njiani. Kukubali kwa kubanwa na shida si kupatana.

Basi, siku ya kuingia, tupite chumba kwa chumba, tuandike hali ya milango, kufuli na madirisha, kila mmoja atie sahihi na kushika karatasi yake. Na feza ya garanti tuiweke kando. Siku ya kuagana tutapeana mikono bila kuoneana haya.