Je, Kushindwa Kunafundisha?



Wahenga walisema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Lakini mtazame kijana anayecheza mchezo wa nyoka kwenye simu ya vitufe. Mchezo huo ulitengenezwa na Taneli Armanto wa nchi ya Ufini, ukaingia katika simu ya Nokia 6110 mwaka 1997. Nyoka hula, na kila akila mwili wake hurefuka. Akigonga ukuta au akijing'ata mkia, amekufa. Kijana hufa mara ishirini, na mara ya ishirini na moja anacheza vizuri zaidi. Je, ni kushindwa kulikomfundisha?

Tuchunguze. Anayeanza hutazama chakula tu, akakikimbilia, akajifungia ndani ya mkia wake mwenyewe. Baadaye hujifunza kutazama pale mkia utakapokuwa, na kupita kandokando kwa utaratibu. Amejifunza kwa sababu tatu. Kwanza, ameona kwa macho yake kilichomuua. Pili, sheria hazibadiliki: ukuta wa jana ndio ukuta wa leo. Tatu, kuanza upya hakumgharimu kitu, bali kubonyeza kitufe tu.

Ondoa mambo hayo matatu, na kushindwa hakufundishi, kunaumiza tu. Mtoto akikosa hesabu akachapwa bila kuonyeshwa alipokosea, atajifunza kuficha daftari. Mama aliyekopa mbegu za maharage, mvua ikakatika, hawezi kuambiwa "jaribu tena" kama mchezaji wa simu. Atajaribu kwa mbegu zipi? Na deni je? Basi anayemhimiza mwenzake ainuke ajiulize kwanza: nimemsaidia kuinuka kwa kitu gani? Kopo moja la mbegu laweza kuwa mahubiri makubwa kuliko maneno mengi.

Hapa ndugu mmoja atauliza: "Na sisi tuliokimbia makwetu, tulikosea nini ili tujifunze?" Swali hili ni zito, tusilijibu haraka. Nyoka wa kwenye simu hufa kwa kosa la mchezaji. Sisi wengi wetu hatukuchoma nyumba zetu wenyewe. Katika Luka 13, Bwana Yesu alitaja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa wazo la kwamba walikuwa na hatia kuliko wenzao. Kwa hiyo mtu asimwambie mjane kwamba msiba wake ni somo alilostahili. Liko anguko ambalo ni kosa letu, hilo tulichunguze na kulirekebisha. Na liko anguko tulilotendewa, hilo tulililie pamoja.

Wazazi, tusiwe wepesi kuwanyang'anya watoto mchezo. Tuwawekee kipimo cha muda, kazi za nyumbani na masomo vikitangulia. Lakini tujifunze jambo moja kutoka kwake: mchezo haumtukani aliyeshindwa, haumkumbushi ya jana. Humwonyesha alipofia, kisha humfungulia tena. Je, nyumba zetu, shule zetu na kwaya zetu humtendea hivyo aliyekosea?

Mungu atujalie hekima ya kutofautisha, na mikono ya kuinuana. Amina.