Kukirudia Kisichopata Kuwa Chetu

Lipo swali ambalo washairi wetu wamelizunguka muda mrefu bila ya kulikabili uso kwa uso: je, mtu aweza kukirudia kitu ambacho hakupata kuwa nacho? Tungo za mapenzi zimejaa majonzi ya aliyepewa kisha akanyang'anywa. Ama yule ambaye hakupewa asilani, akaishi na sura ya kitu kichwani tu, huyo tumemwachia wasimulizi wa hadithi. Nami nauliza swali hili si kwa ajili ya mtu wala mji, bali kwa ajili ya kompyuta. Namwomba msomaji asicheke upesi.

Mwaka 1982 ilitoka Uingereza kompyuta ya nyumbani iitwayo Sinclair Spectrum. Ilikuwa ndogo kiasi cha kitabu, na vitufe vyake 40 vilikuwa vya mpira. Ile iliyokuwa kubwa kwa kumbukumbu ilikuwa na kilobaiti 48 tu, na hata sehemu ya hizo hukuachiwa uitumie. Programu zake zilihifadhiwa katika kanda za kaseti, zile zile za muziki, na kioo chake kilikuwa ni televisheni ya sebuleni. Mwaka huo huo Wamarekani walitoa yao, Commodore 64. Watoto waliokulia juu ya vyombo hivyo leo ni watu wazima wa makamo, na wengi wao wanavitafuta tena, wanavipangusa vumbi, wanavibadilisha vipuri. Kwa hao, kurejea si fumbo. Wanakirudia walichokuwa nacho.

Sisi tulikuwa upande mwingine wa mlango. Serikali ya Tanzania ilikuwa imepata kompyuta yake ya kwanza Wizara ya Fedha mwaka 1965, na baada ya hasara na vurugu za mahesabu ya Hazina, mwaka 1974 ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Siwalaumu sana waliotia saini. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na mashine ile ilikula bila kuzalisha. Lakini marufuku ni kama wavu wa matundu madogo: haubagui samaki. Uliokusudiwa kulizuia dude la Hazina ulikizuia pia kijisanduku cha mtoto. Tena hata kama kingepenya, Bara hakikuwako kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, na seti zenyewe zilikuwa adimu, ilhali hapa visiwani watu walikwisha kuona picha za rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Spectrum ingefika Shinyanga ingekuwa kipofu.

Basi mimi nilikulia Kolandoto, jirani na hospitali ya misheni, si mbali na mji wa Shinyanga, kwenye njia ya kwendea Mwadui kwenye almasi. Nchi ya pamba, mbuga kavu na miti michache. Katika rundo la magazeti ya kufungia nilikuta jarida la Kiingereza lenye picha ya kibodi ile, kubwa ya kujaza kurasa mbili, na kila kitufe kimeandikwa neno lake. Nikainakili juu ya kipande cha boksi la dawa, kitufe kwa kitufe. Programu niliziandika katika daftari la shule. Na kwa kuwa boksi halijibu, tuligawana kazi na rafiki yangu mmoja: mimi nabonyeza, yeye ndiye mashine. Anafuata amri mstari kwa mstari, anahesabu kwa vijiti mchangani, kisha anatangaza jibu.

Hapo ndipo nilipojifunza Kiingereza, na nadhani hapo ndipo nilipoanza kuwa mfasiri, maana sikuwa na mwalimu mwingine. Katika lugha ya mashine ile, kila kitufe hakikutoa herufi kwanza, kilitoa neno zima la amri. Ukibonyeza P unapata PRINT. Ukibonyeza L unapata LET, neno la kukipa kitu thamani. Kamusi iliniambia kuwa LET ni "ruhusu". Nilikataa. Anayesema LET A = 5 hamwombi mtu ruhusa. Anasema: A na iwe tano, na inakuwa. Wasomaji wa pwani wanajua kauli ya namna hiyo ni ya nani kwa asili yake, na kwamba mwanadamu akiiazima yampasa adabu. Mtoto wa Kolandoto hakuyajua hayo. Alijua tu kwamba kuna chombo mahali fulani duniani ambacho ukikiambia "na iwe" kinatii, na kwamba hajakiona.

Aliye makini atapinga kwamba hili si penzi la kompyuta, ni hamu ya ujana iliyovaa nguo za kompyuta. Hoja hiyo ina nguvu, lakini haielezi kitu kimoja. Ujana wangu ulikuwa na mambo mengi, foleni za sukari na sabuni zikiwamo, na sizitamani. Kwa nini moyo ukachagua hiki? Wengine watasema ni kukienzi kichezeo cha Mzungu. Hao nawajibu kwamba boksi lilikuwa la dawa, vijiti vilikuwa vya kwetu, na aliyehesabu alihesabu kwa Kisukuma.

Miaka michache iliyopita mpwa wangu aliniletea Spectrum yenyewe kutoka Uingereza. Nilikuwa na televisheni ya kichogo imelala stoo tangu matangazo yalipohamia dijitali. Ilipowaka ikaonyesha mstari mmoja wa haki ya mtengenezaji, kisha kimya. Haikuniuliza jina, haikunitangazia bidhaa, haikunionyesha wenzangu wanafanya nini. Ilingoja. Simu niliyo nayo mfukoni ina uwezo mara maelfu, lakini sijapata kuifungua ikaniachia zamu ya kusema kwanza. Sidhani huko ni kusifu ya kale tu. Ni tofauti ya heshima baina ya chombo na mwenyewe.

Mstari wake mmoja huchukua herufi 32. Kwa kuwa silabi ya Kiswahili aghalabu ni herufi mbili, mshororo wa mizani kumi na sita hauenei pamoja na nafasi zake. Ukwapi hukaa mstari wa kwanza, utao hushuka wa pili, kama tulivyozoea kuzitenga nusu zake. Nilikaa nalo jambo hilo usiku kucha. Yule aliyezoea kubanwa na mizani hababaishwi na kilobaiti 48.

Na bado kulikuwa na kasoro. Nilipokosea kuandika amri, haikuipokea, ikaniwekea alama ya kuuliza tu. Rafiki yangu hakupata kunifanyia hivyo. Nilipokosea, yeye alikisia nilichokusudia na kuendelea.

Siku hizi yuko Geita, kwenye machimbo madogo ya dhahabu. Nilimpigia simu nikamwambia mashine imefika kweli. Alicheka sana, akaniuliza kama inahesabu upesi kuliko yeye. Nikamwambia ndiyo, kwa mbali. Akauliza kama hukosea hesabu. Nikamwambia hapana. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba siku zile yeye mara nyingine alikuwa akikosea makusudi, ili turudie toka mwanzo na mchezo usiishe kabla ya jua kuzama.