Usimfiche Mwenzi Wako Deni

Wahenga walinena: kukopa harusi, kulipa matanga. Leo tuzungumze juu ya deni linaloingia nyumbani kimya kimya, kwa njia ya simu.

Tuwaze familia moja ya hapa kwetu Kajiado. Baba anafanya kazi Magadi, kwenye kiwanda cha soda. Mama anaishi na watoto Kitengela, akiuza mboga. Wanaonana mwisho wa mwezi. Kwa miaka minane wamelipia ploti kidogo kidogo. Usiku, joto la Magadi likimnyima usingizi, baba anafungua simu na kununua na kuuza fedha za kigeni. Ndiyo biashara ya foreksi. Anajiambia, "Nitamshangaza Mama watoto." Hamwambii neno.

Ewe mume, je, unaielewa biashara hiyo? Ukiweka shilingi 50,000, dalali anaweza kukuruhusu ufanye biashara ya mara 100, yaani shilingi 5,000,000. Bei ikienda upande wako kwa asilimia moja, umepata 50,000. Hayo ndiyo utakayosikia kwenye matangazo. Lakini ikikugeuka kwa asilimia hiyo hiyo moja, akiba yako yote imekwisha. Kanuni za Kenya za mwaka 2017 ziliweka kikomo cha mara 400. Hapo robo ya asilimia moja yatosha kukumaliza, kabla chai yako haijapoa.

Wala usiseme, "Nitapoteza nilichoweka tu." Tarehe 15 Januari 2015, Benki Kuu ya Uswisi iliacha ghafla kuizuia faranga yake isipande. Bei iliruka kwa dakika chache. Kampuni ya udalali ya FXCM ilitangaza kwamba wateja wake walidaiwa takriban dola milioni 225 zaidi ya walizokuwa nazo. Mwaka 2018 wasimamizi wa masoko ya Ulaya walieleza kuwa, katika biashara za aina hii, akaunti 74 hadi 89 kati ya 100 za watu wa kawaida hupata hasara. Wakashusha kikomo hadi mara 30.

Kwetu deni huanza kwa njia nyingine. Baba amepoteza, anataka kurudisha. Anakopa kwa simu, kisha kwenye chama cha akiba na mikopo, kisha kwa rafiki. Mwishowe anaitazama hati ya ploti.

Bwana wetu alituuliza ni nani ajengaye mnara bila kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Angalia neno hilo: kuketi. Nanyi mlipofunga ndoa mlikubali kuketi wawili. Kitabu cha Mithali chafundisha kwamba mkopaji huwa mtumwa wa mkopeshaji. Basi ukikopa kwa siri, umemtia mkeo utumwani naye hajui. Fedha zaweza kutafutwa tena. Imani aliyokuwa nayo kwako haiuzwi dukani.

Kama umekwisha kuanguka, simama. Acha biashara hiyo leo; usijaribu kurudisha hasara kwa mkopo mwingine. Andika kila deni katika karatasi moja, bila kuficha hata moja, umpe mwenzi wako aisome. Nendeni pamoja kwa wanaowadai, mkaombe muda. Mkiona uzito, mwoneni padre au wazee mnaowaamini. Na usiwaze kamwe kujidhuru: deni hulipwa, uhai haurudi.

Nawe mama, utakasirika, na una haki. Lakini msikilize mpaka mwisho. Kusamehe si kumwachia tena mshahara wote mkononi; tangu sasa hesabu ziwe za wawili. Ujue pia kwamba kwa Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila idhini ya maandishi ya wote wawili. Usitie sahihi usichokielewa.

Kama mnapenda kuijaribu biashara hii, hakikisheni kwanza kwamba dalali ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Hata hivyo leseni haizuii hasara. Msiweke karo, chakula wala fedha za kukopa.

Mwisho wa mwezi huu, baba akishuka garini Kitengela, watoto wakishalala, ketini mezani. Mmoja amwulize mwenzake kwa upole: "Je, tunadaiwa nini?" Na anayeulizwa aseme kweli. Mungu awabariki.