Gharama ya Kumfuata Bwana

Ndugu wapendwa, katika Luka 14 Bwana wetu afundisha habari za mtu atakaye kujenga mnara, kwamba huketi kwanza na kuhesabu gharama. Twapenda kulihubiri fungu hili. Je, sisi wenyewe tumehesabu?

Wazee wetu walihesabu. Wamisionari wa Berlin walifika Unyakyusa mwaka 1891, na baadaye kazi ikaenea hata Ubena na Uhehe. Vita ya 1914–1918 ilipoingia nchi hizi, wamisionari wale waliondolewa. Walimu wenyeji wakabaki na sharika, wakazichunga.

Leo hakuna atukamataye kwa ajili ya jina la Yesu. Toka Mbeya hata Iringa twasafiri juu ya lami, na nyumba zetu zina mabati. Hivi ni vipawa vya Mungu, wala hatuvilaumu. Lakini mtu asidhani kwamba msalaba umeondolewa. Siku hizi twaukuta sokoni.

Fikirini habari ya lumbesa. Mkulima wa viazi hujaza gunia hata mdomo. Kisha mnunuzi hudai liongezwe kilemba juu, naye hulipa bei ya gunia moja tu. Sheria ya nchi yakataza, na Mithali 11 yatuonya juu ya mizani ya hila. Mnunuzi Mkristo akikataa lumbesa, faida yake hupungua na wenzake humcheka. Hiyo ndiyo gharama.

Nasi wachungaji tusijifiche. Mnunuzi mmoja alitoa mabati ya kanisa letu. Tuliyajua magunia yake, tukanyamaza, kwa maana jengo lilihitaji paa. Ndipo mjane mmoja akatuuliza, “Baba mchungaji, mabati haya si viazi vyetu?” Hatukuwa na jibu. Tulikwenda kusema na yule bwana kwa upole. Alikasirika, akaacha kuja ibadani. Upande mmoja wa kanisa hauna paa hata leo, nasi twamwombea arudi.

Labda mtu atasema, “Neema ni ya bure.” Ndiyo, hatuinunui kwa hasara zetu. Lakini aliyeipokea bure awezaje kumpunja jirani yake? Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mlutheri wa Ujerumani, aliandika juu ya jambo hili katika kitabu cha mwaka 1937. Mwaka 1945 serikali ya Hitler ilimwua.

Basi, ndugu, jioni hii na tuketi, tujiulize: mwaka huu imani yetu imetugharimu nini? Tukiona haikutugharimu kitu, tuangalie vema ni nani aliyelipa mahali petu.