Ni Bunduki Ipi Inayoua Vyema?

Swali la ni bunduki ipi bora huonekana kuwa swali la fundi, si la mwanafalsafa. Fundi atapima urefu wa mtutu, uzito wa risasi na kasi yake, kisha atatoa jibu. Katika insha hii nakusudia kuonyesha kwamba ndani ya swali hilo mna maswali mawili ya maadili. La kwanza ni hili: nikimuua mnyama, nimuue vipi? La pili: je, nina haki ya kumuua? Hoja yangu ni kwamba ulinganishaji wa bunduki hulijibu swali la kwanza kwa uangalifu unaostahili heshima, lakini uangalifu huo huo humfanya mtu aamini kuwa amelijibu na la pili.

Mfano wangu ni bunduki za wenzo za Marekani. Nimezichagua kwa sababu wawindaji wa huko wamezilinganisha kwa zaidi ya miaka mia moja, na pia kwa sababu mojawapo ilifika kwetu, kando ya Mto Nile.

Bunduki ya wenzo ina mkono wa chuma chini yake, unaokizunguka kifyatulio. Mwindaji akishapiga, huusukuma mkono huo chini na kuurudisha juu. Ganda tupu hutoka, risasi mpya huingia, naye yuko tayari tena baada ya sekunde moja au mbili. Katika nyingi kati ya hizo risasi hulala ndani ya bomba lililo chini ya mtutu, ncha ya moja ikigusa fataki ya iliyo mbele yake. Ndiyo maana risasi zake zilitengenezwa na ncha bapa, kwani ncha kali ingeweza kugonga fataki na kulipua bomba zima. Ncha bapa nayo husukumana na hewa na kupoteza kasi mapema. Kwa hiyo umbo la bomba ndilo lililoamua bunduki ipige hadi wapi.

Sasa tuzilinganishe. Winchester ya mwaka 1873 ilitumia risasi iitwayo .44-40. Kichwa chake kina gramu 13 hivi na hutoka mtutuni na nishati isiyofika jouli 1,000. Ni ndogo kwa mnyama mkubwa, ila wengi walimpiga nayo kulungu kwa karibu. Winchester ya 1886, iliyobuniwa na John Browning, iliweza kubeba .45-70, risasi ya jeshi yenye kichwa cha gramu 26, nzito na ya polepole, takriban mita 400 kwa sekunde. Kisha ikaja Winchester ya 1894, nayo ni kazi ya Browning, na mwaka 1895 ikapata risasi ya .30-30, ya kwanza ya uwindaji nchini Marekani kuundwa kwa ajili ya baruti isiyo na moshi. Kichwa cha gramu 11 hutoka kwa kasi ya mita 670 hivi kwa sekunde, sawa na jouli zipatazo 2,480. Mwaka 1948 Marlin 336 ilitokea kuwa mshindani wake mkuu kwa risasi hiyo hiyo, ikiwa na faida ya kutupa maganda upande badala ya juu. Savage ya 1899 iliachana na bomba. Risasi zake zilipangwa kwenye ghala linalozunguka, kwa hiyo ziliweza kuwa na ncha kali, na mwaka 1920 ikapewa .300 Savage inayokaribia mita 800 kwa sekunde. Winchester ya 1895 nayo ilibeba risasi ndani ya kisanduku, na mwaka 1904 ikapata .405, yenye kichwa cha gramu 19 na zaidi ya jouli 4,300.

Msomaji ataona mara moja kwamba tarakimu hizi hazitoi jibu moja. Ukihesabu nishati, .30-30 inaishinda .45-70 ya zamani. Ukizidisha uzito kwa kasi, .45-70 inaishinda .30-30 kwa zaidi ya theluthi moja. Mmoja atasema kinachoua ni kasi, mwingine atasema ni uzito, na mabishano yao hayaishi. Lakini wanabishania nini hasa? Wanabishania muda ambao mnyama atabaki hai baada ya kupigwa. Hakuna mwindaji mwenye akili timamu anayesifu bunduki kwa sababu mnyama alikufa polepole. Kila tarakimu kwenye orodha ile inakiri, bila kusema, kwamba mnyama anaumia na kwamba kuumia kwake kuna uzito.

Kwa hiyo siwaungi mkono wanaosema kwamba kulinganisha risasi ni tamaa ya damu iliyovikwa vazi la sayansi. Wazee wa kwetu Nile Magharibi waliwinda kwa mkuki, kwa mbwa, na kwa moto wa nyika wakati wa kiangazi. Hatuna sababu ya kuupamba uwindaji ule kwa kuwa tu ni wa mababu. Swala aliyechomwa mkuki wa ubavu aliweza kukimbia nusu siku, na mwenye mkuki alimfuata kwa kusoma matone ya damu majanini. Kuna heshima katika kufuata damu ile bila kukata tamaa, lakini swala hakupata nafuu yoyote kutokana na heshima hiyo. Risasi ya .30-30 iliyopenya mapafu kutoka hatua hamsini ina huruma kuliko mkuki. Anayejifunza ni risasi ipi inamfaa mnyama yupi anatimiza wajibu wa kweli.

Wajibu huo una sehemu mbili, na orodha ya nguvu huonyesha moja tu. Sehemu ya pili ni mpaka. Risasi ya .30-30 ikifika mita 180 hivi imebakiwa na zaidi kidogo ya nusu ya nishati yake, nayo inaanguka kwa haraka. Mwindaji anayeijua bunduki yake anajua kwamba kulungu aliyesimama mita 250 si wake. Anaweza kumsogelea au kumwacha. Akisema, "Basi ninunue inayopiga mbali zaidi," anaweza kuwa na haki, iwapo jicho na mkono wake vinafika huko pia. Lakini mara nyingi kinachosogea mbele ni risasi peke yake, na mpigaji anabaki pale pale alipokuwa, akifanya makosa yale yale kwa umbali mkubwa zaidi. Nguvu iliyonunuliwa dukani haiji na uwezo wa kuitumia.

Mwanafikra wa Marekani Aldo Leopold, ambaye kitabu chake kuhusu maadili ya ardhi kilitoka mwaka 1949, alitambua kwamba mwindaji huwa hana watazamaji wala mwamuzi, bali ana dhamiri yake tu. Naona hapo ndipo wenzo wenyewe unapokuwa jambo la maadili. Risasi ya pili inayokuja haraka ni rehema, kwa sababu mnyama aliyejeruhiwa anaweza kumaliziwa kabla hajatoweka kichakani. Risasi hiyo hiyo ni kishawishi, kwa sababu anayejua kwamba ana nyingine tano hutuliza pumzi kidogo tu kabla ya ile ya kwanza. Mkono wa chuma ni uleule. Atakayeamua kama ni rehema au kishawishi yuko porini peke yake.

Nilipoitoa hoja hii darasani, mwenzangu mmoja alinijibu kwa pingamizi zuri. Alisema: ikiwa ni hivyo, tuwape wawindaji bunduki ya risasi moja moja. Asiyekuwa na risasi ya pili atailenga ya kwanza kwa moyo wake wote. Chombo chenye kikomo kitamfundisha adabu.

Pingamizi hili linavutia, lakini historia inalikanusha. Katika miaka ya 1870, kwenye nyanda za Marekani, nyati wa huko waliuawa kwa mamilioni kwa ajili ya ngozi zao. Mtu akisikia habari hiyo hudhani kazi ile ilifanywa na Winchester zenye risasi nyingi. Sivyo. Wauaji wa ngozi walipendelea bunduki nzito za risasi moja moja, kama zile za Sharps. Walikaa mahali pamoja, mbali na kundi, wakapumua taratibu, wakalenga mapafu. Nyati mmoja alianguka, wengine wakamnusa wasijue la kufanya, kisha akaanguka mwingine. Kwa kipimo cha swali la kwanza, hao walikuwa wapigaji bora. Walikuwa na subira, waliichagua risasi kwa makini, na hawakupoteza hata moja ovyo. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1880, nyati waliobaki huru porini katika nchi ile walihesabika kwa mamia tu.

Mfano huu ndio ulionifanya nitenganishe yale maswali mawili. Kila nyati alitendewa kwa uangalifu, na jamii nzima ya nyati ikaangamizwa. Huruma kwa mmoja haikuwa haki kwa wote. Wala haikuwa haki kwa mataifa ya watu wa asili wa nyanda zile, ambao nyati walikuwa chakula chao, mavazi yao na nyumba zao. Adabu ya kidole kwenye kifyatulio haikuweza kuuliza ni nani mwingine atakayelala njaa.

Hapa ndipo simulizi inapofika kwetu. Theodore Roosevelt, baada ya kumaliza urais wa Marekani, alitua Mombasa mwezi Aprili 1909 pamoja na mwanawe Kermit. Miongoni mwa bunduki zake ilikuwamo Winchester ya 1895 yenye risasi ya .405, ambayo aliisifu kama dawa ya simba. Alikuwa mtu wa kulinganisha. Alikuwa na Springfield ya jeshi, na pia bunduki nzito ya mitutu miwili aliyozawadiwa na Waingereza, na katika kitabu chake alieleza ipi ilimfaa mnyama yupi. Baba na mwana waliua wanyama 512 kwa hesabu yao wenyewe, wengi wao kwa ajili ya jumba la makumbusho la Smithsonian. Mwezi Januari 1910 walipiga kambi ukingo wa magharibi wa Nile, eneo la Lado, ambalo wakati huo lilikuwa chini ya utawala wa Kongo na ambalo sehemu yake ya kusini iliingizwa Uganda mwaka 1914. Huko waliua vifaru weupe wa kaskazini tisa.

Mimi nimezaliwa upande huo wa mto. Haitakuwa haki kusema kwamba wale tisa ndio waliowamaliza vifaru wetu. Waliowamaliza walikuja miongo mingi baadaye, na bunduki za kivita, wakitafuta pembe. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 Uganda haikuwa na kifaru hata mmoja porini. Dume wa mwisho wa jamii ile, aliyeitwa Sudan, alikufa nchini Kenya mwezi Machi 2018, na waliobaki duniani ni majike wawili, Najin na Fatu. Kwetu limebaki jina la mahali, Rhino Camp, ambalo leo watu hulijua kwa makazi ya wakimbizi. Wadogo zangu hulitamka kila siku bila kumwona mnyama ndani yake.

Ninachodai ni kidogo zaidi ya lawama, na ni kigumu zaidi. Roosevelt alijua vyema ni risasi ipi ya kutumia. Kuhusu kama vifaru wale walikuwa wake wa kuua, ruhusa ilitoka kwa maofisa wa mfalme aliyekuwa Ulaya, na wenyeji wa ukingo ule hawakuwa na sauti katika ruhusa hiyo. Orodha ya risasi haina safu ya kuandika jambo hilo.

Je, tuache kulinganisha? Hapana. Anayewinda kihalali na kwa ajili ya chakula ana deni la kujua bunduki yake. Akiniuliza ipi inafaa kwa kulungu wa msituni, nitamwambia .30-30 inatosha, mradi asogee karibu, na kwamba kusogea huko ni sehemu ya deni lenyewe. Ila akisharidhika na jibu hilo nitamwomba asiondoke bado. Aniambie wamebaki kulungu wangapi katika msitu ule, nani aliwahesabu, na nani mwingine anawategemea.