Pumzi ya Kuazima

Mapafu yanapojaa maradhi ndani ya mwili uliopokonywa kinga yake, tabibu hukutana na swali lisilojibiwa na elimu ya tiba peke yake: mgonjwa huyu atiwe katika mashine ya kumpumulia, au aachwe aage dunia kwa utulivu?

Swali hili liliwaelemea matabibu wa Marekani baada ya tarehe 5 Juni 1981, ilipotangazwa habari ya vijana watano wa Los Angeles waliopatwa na nimonia ya Pneumocystis, maradhi ya watu wenye kinga dhaifu. Huo ulikuwa mwanzo wa habari za UKIMWI. Katika miaka iliyofuata, wengi waliotiwa mashine walikufa, hata baadhi ya matabibu wakaona kuwa kuitumia ni kurefusha mateso. Hukumu ile haikutoka katika ukatili. Ilitoka katika yale waliyoyaona kwa macho. Lakini mwaka 1990 wataalamu walishauri dawa za kotikosteroidi ziongezwe mapema katika tiba ya nimonia hiyo ikiwa kali, na tangu 1996 mchanganyiko wa dawa za kufubaza virusi ukawezesha kinga kurejea. Aliyehesabiwa miongoni mwa wafu akapata njia ya kurudi kwao.

Twajifunza nini? Mashine haiponyi. Hata ule mtambo mkubwa utoao damu mwilini, ukaitia oksijeni na kuirudisha, hauui kimelea hata kimoja. Huazima pumzi tu, na deni lina maana palipo na tumaini la kulilipa.

Basi tusiulize tu mgonjwa amedhoofika kiasi gani. Tuulize pia twangoja nini. Ikiwa maradhi yana dawa na kinga yaweza kurudi, kumnyima pumzi kwa sababu ya jina la ugonjwa wake ni dhuluma. Ikiwa hapana cha kungojea, kumfunga mipira na nyaya ni kuudhi mwili ulioomba kupumzika. Penye shaka, na ajaribiwe kwa siku zilizokubaliwa, naye aulizwe matakwa yake angali ana kauli. Siku hizo zikipita bila nafuu, kuondoa mtambo si kuua. Ni kukiri kwamba muda wa kuazima umekwisha.

Lakini tabibu akumbuke mwaka 1981: neno “haiwezekani” hueleza mpaka wa maarifa yetu, wala halipimi thamani ya mtu.