Mtama Nao Unataka Kula

Wafugaji wenzangu, mtama tumeuonea vya kutosha. Kwa kuwa unastahimili kiangazi, tunausukumia kwenye kipande cha shamba kilichochoka, bila samadi wala mbolea, halafu tunalalamika ng'ombe anashinda akitafuna mabua na ndoo haijai. Kustahimili ukame si kushiba!

Ingia shambani leo hii. Chuchumaa penye shina, uache kilele, utazame majani ya chini. Ukiona jani limeanza umanjano nchani, na umanjano huo unateremka kufuata uti wa jani kwa umbo la V, ujue mtama una njaa ya naitrojeni. Unalinyang'anya jani kuukuu ili jani changa liishi. Naitrojeni ndiyo inayojenga ukijani wa jani na protini ya malisho. Ikitosha, majani yanapanuka, shina linarefuka, machipukizi yanaongezeka. Na faida haiishii kwenye ukubwa wa mzigo. Malisho yenye protini chini ya asilimia 7 hivi yanaviacha na njaa hata vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe, na hivyo ndivyo vinavyomsagia hayo mabua. Tumbo linajaa, maziwa hayaji.

Basi tuulishe. Mfuko wa yurea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, na kwa ekari moja yenye unyevu, huo ni mwanzo mzuri. Usiumalize siku ya kupanda. Weka mbolea kidogo ya kupandia, kisha subiri mtama ufike magotini. Palilia kwanza, usije ukalisha magugu. Weka mbolea udongo ukiwa na unyevunyevu, uifukie pale pale, maana yurea ikiachwa juu ya udongo juani inageuka hewa na fedha yako inapaa nayo. Ukikata na mtama ukachipua tena, ulishe mbolea tena. Huna fedha ya mfuko? Mkojo wa ng'ombe unaopotelea sakafuni umejaa naitrojeni. Tandika mabua makavu yaunyonye, uyachanganye na samadi, upeleke shambani.

Hapa nakusihi uwe makini. Mtama mchanga, na hata machipukizi yanayotoka baada ya ukame, yana sumu ya sianidi inayoweza kumuua ng'ombe, na naitrojeni ikizidi sumu hiyo huongezeka. Mtama wa kimo cha goti usimpe mnyama kabisa. Kuzidisha mbolea pasipo mvua ni hasara na ni hatari.

Tena mbegu hazifanani. Kenya kuna E6518, mrefu na wenye majani mengi kwa ajili ya mifugo, na kuna E1291 unaokupa nafaka pamoja na malisho. Kwa hiyo usiige kipimo cha jirani, tafuta chako. Msimu huu tenga vipande vinne vinavyolingana, mbegu moja, udongo mmoja: kimoja bila mbolea, cha pili kwa kiwango cha nusu mfuko kwa ekari, cha tatu mfuko mzima, cha nne mfuko na nusu. Punje zikianza kuwa kama unga uliokandwa, kata kila kipande peke yake, pima kwenye mizani, andika. Ukiona kilo zilizoongezeka hazifidii bei ya mbolea iliyoongezeka, rudi nyuma hatua moja: kipimo chako ni hicho.